Nilitema uji wa mama mkwe barabarani, mbio za Ruiru hadi Thika

Wakuu, habari zenu. Na nyinyi vijana, niaje, kama bado mnasalimiana hivyo.

Mimi ni mzee wa hapa Kahawa Sukari, nakaribia miaka tisini, na naandika kwa kidole kimoja. Nitakayoeleza ni ya kweli kadiri ninavyokumbuka. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki, na patakuwa pengi.

Juzi mlibishana humu kuhusu maji ya kunywa kwa mtu anayefanya mazoezi. Mmoja akasema lita tatu kila siku, usipomaliza unajiua. Mwingine akasema kunywa ukisikia kiu, basi. Yule wa gym akaja na mambo ya electrolytes, zile chumvi za mwilini. Mkarushiana maneno hadi moderator akafunga uzi.

Mimi nilisoma yote na nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Daktari wangu wa moyo ameniambia nipunguze maji. Binti yangu, ninayeishi kwake, ananifuata na chupa akisema wazee hukauka bila kujua. Wote wawili wamesoma. Basi mimi hunywa nusu nusu ili kila mtu aridhike.

Tabia hiyo ya kuridhisha kila mtu ndiyo ilikaribia kuniua miaka ya hamsini. Vuteni viti.

Kwa wale wadogo: wakati huo kulikuwa na Emergency, hali ya hatari ya mkoloni dhidi ya Mau Mau. Sisi Wakikuyu hatukutembea tu tunavyotaka. Kutoka Ruiru kwenda Thika ilikuwa lazima uwe na pasi mfukoni, na mwanamume aliyeonekana akikimbia kati ya miti ya kahawa bila pasi alipigwa risasi kwanza, maswali baadaye. Familia nyingi zilikuwa zimehamishiwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mtaro na kulindwa na homugadi, Waafrika wenzetu waliopewa bunduki na serikali.

Mimi nilikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. Nililala chumba kimoja na wanaume wengine, kila mmoja akikoroma kwa lugha yake. Mke wangu Wanjiru, ambaye nilikuwa nimemuoa muda si mrefu, alikuwa kijijini na mama yake, upande wa kuelekea Juja. Tulionana Jumapili moja moja, tena kwa ruhusa. Na alikuwa na mimba.

Sasa, kulikuwa na kiwanda kimoja Thika ambacho sitakitaja. Meneja wake alikuwa Mzungu mpenda riadha, na alitaka kiwanda chake kiwe na timu. Akatangaza mbio za vibarua wa mashamba, kutoka Ruiru hadi Thika. Watatu wa kwanza wangeandikwa kazi na kupewa chumba kwenye landi za kiwanda, zile nyumba za mstari za wafanyakazi. Chumba cha mtu na mke wake.

Nyinyi mnaohama nyumba kila mwaka kwa sababu wifi haishiki, hamwezi kuelewa neno chumba lilivyosikika masikioni mwangu. Mtoto alikuwa njiani na sikutaka azaliwe ndani ya mtaro. Hilo tu ndilo nililokuwa nakimbilia, wala si medali.

Aliyetufunza alikuwa nyapara wetu, Mkamba tuliyemwita Sajini. Alikuwa amepigana Burma na akarudi na viungo vyake vyote, kwa hivyo alichosema kuhusu mwili wa binadamu hatukukipinga.

Na alichosema ni hiki.

"Maji iko adui ya mguu. Ukikunywa, nateremka chini, mguu nakuwa kama gunia. Halafu kichomi nakuja."

Kwa hivyo siku ya kukimbia hakuna kunywa. Ukikauka sana ulipewa maji kidogo kwenye kikombe cha bati, usukutue mdomo, uteme. Naye alisimama mbele yako akikutazama koo kuhakikisha halijasogea. "Tema nione," ndiyo ilikuwa amri yake. Tulizoea hadi akipuliza filimbi tu, mdomo wenyewe unatema hata kama hauna kitu.

Halafu kulikuwa na chumvi. Sajini alikuwa ameona jeshini wakipewa vidonge vya chumvi kwa sababu ya joto. Yeye hakuwa na vidonge, alikuwa na chumvi ya mawe ya duka la Mhindi. Kila mmoja alipewa chembe za kutafuna kabla ya kukimbia. Hesabu yake ilikuwa kwamba chumvi hushika maji mwilini, kwa hivyo ukila chumvi, maji ya jana bado yako ndani, huhitaji mengine.

Mkuu wa electrolytes, usicheke. Nusu ya maneno yake ni yako.

Nilimweleza Wanjiru mambo haya Jumapili moja, tukiwa tumesimama kando ya mtaro. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ng'ombe akilamba chumvi, anapelekwa mtoni," akasema. "Nyinyi mkilamba mnapelekwa wapi?"

Nikamwambia Sajini anajua. Akasema sawa, na waliooa wanajua sawa ya namna ile.

Hapo ndipo mama mkwe anaingia. Lazima nieleze desturi, la sivyo hamtaona uzito wa yaliyofuata. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume ni watu wa thoni, yaani haya na heshima. Humtazami usoni. Huli mbele yake ukijaza mashavu. Yeye hakugusi, hakutaji jina, anakuita muthoni, mkwe, basi. Na chakula alichokupikia hukikatai, hata kama umeshiba hadi shingoni.

Mama huyu alituma ujumbe kupitia kwa bintiye: siku ya mbio, wanawake wa kijiji wangetolewa kwenda kushangilia barabarani, kwa sababu wakubwa walitaka umati. Yeye angekuja na kibuyu cha uji, ule uji mwepesi uliochachuka tunaouita ucuru. Alisema muthoni wake hawezi kupita mbele ya watu wa nyumbani kwake na tumbo tupu kama mtu asiye na wakwe.

Nikajibu, mwambie asante, nitakunywa.

Kwa Sajini pia nilikuwa nimejibu ndiyo. Nilidhani siku yenyewe mambo yatajipanga.

Siku ikafika. Ilikuwa ile miezi ya kiangazi ambapo vumbi la Ruiru linaingia hadi kwenye ugali. Tulifungwa vitambaa vya nambari kifuani, na afisa akatuambia kwamba kitambaa hicho ndicho pasi yetu siku hiyo, mradi uwe barabarani na unaelekea Thika. Tukatafuna chumvi. Sikuwa nimekunywa kitu tangu jana yake jioni, kwa sababu mimi nikitii, natii na ziada.

Tukaondoka. Rafiki yangu Mwangi, tuliyelala naye chumba kimoja, alikimbia kando yangu. Sajini alitufuata kwa baiskeli.

Mwanzo nilikuwa sawa, tena nilikuwa mbele pamoja na wachache. Halafu mambo yakaanza kuwa ya ajabu, na hapa ndipo nawaomba mnisaidie wenye kuelewa. Sikusikia kiu. Kweli kabisa. Mdomo ulikuwa umekauka, ulimi ulikuwa unagonga kama kipande cha ngozi, lakini ile hamu ya maji haikuwepo. Jasho nalo likakata. Nilijipangusa paji la uso nikakuta chumvi tupu, na jua likiwa linawaka nikaanza kusikia baridi mikononi. Nikadhani hizo ni dalili za kuwa mwepesi. Nikafurahi.

Kabla ya Juja nikawaona wanawake. Walikuwa wamepangwa kando ya barabara, homugadi nyuma yao, wakipiga makofi kama watu walioambiwa wapige makofi. Wanjiru alikuwa hapo na tumbo lake. Mama yake akatoka kwenye mstari, kibuyu ameshika kwa mikono miwili, macho ameelekeza chini inavyotakiwa.

Nyuma yangu nikasikia kengele ya baiskeli ya Sajini.

Wakuu, mnaweza kusema ningekataa tu kwa adabu, au ningekunywa tu na kumwambia Sajini aende zake. Kutoka kwenye kiti ni rahisi. Nikinywa, Sajini alikuwa amesema ananitoa kwenye mbio, na chumba kinaenda. Nikikataa, nimemvunjia heshima mama wa mke wangu mbele ya kijiji kizima, na yeye huo unga aliutoa kwenye posho ndogo ya kijijini.

Nikafanya yote mawili. Nikapokea kibuyu kwa heshima, nikajaza mdomo, na filimbi ikalia.

"Tema nione!"

Mdomo ukatema.

Uji ukaanguka vumbini, mbele ya miguu yake. Makofi yakakoma. Sikumtazama usoni kwa sababu hairuhusiwi, kwa hivyo nilichoona ni vidole vya miguu yake tu, na uji. Wanjiru hadi anafariki alisema nilimtemea miguuni kabisa. Mimi nasema ulianguka kando. Tumebishana jambo hilo ndoa nzima na sasa hakuna wa kubishana naye, na sina uhakika tena.

Nikarudisha kibuyu, nikaendelea kukimbia.

Kuanzia hapo kumbukumbu yangu ni vipande. Aibu ilinishika kuliko joto. Barabara ikawa mbili, halafu ikarudi moja. Kitambaa cha nambari kikaanza kunibana kama kinaninyonga, nikakivua pamoja na shati, nikavitupa. Nikaona wazi, kwa akili iliyonyooka kabisa kwa wakati ule, kwamba siwezi kuingia Thika kabla ya kumwomba yule mama msamaha. Nikageuka.

Wakimbiaji wa nyuma wakawa wanakuja mbele yangu. Mwangi, niliyekuwa nimemwacha kidogo, aliniita, "Kiarie, Thika ni huku." Nikamwambia najua anachotaka, anataka chumba changu. Kwamba nilisema hivyo, aliniambia yeye baadaye. Mimi nakumbuka tu kwamba watu wengi walikuwa wanakimbia kinyume na nikawahurumia kwa kupotea.

Halafu nikaacha barabara, nikaingia kwenye shamba la kahawa. Mistari ya mikahawa ilikuwa imenyooka, na mimi nikaamini hizo ndizo landi za kiwanda. Nimefika. Nikaanza kutafuta mlango wetu. Nilikuwa napita mti hadi mti nikipiga hodi, nikijiuliza kwa nini Wanjiru haitikii.

Niliowakuta ni homugadi.

Jiwekeni mahali pao. Mwanamume Mkikuyu, bila shati, bila nambari, bila pasi, macho mekundu, midomo imepasuka, anatoka kati ya mikahawa. Msituni ndiko walikotoka watu wa sura hiyo.

"Pasi iko wapi?"

Nikasema naingia kwangu.

"Jina lako nani?"

Sasa sikilizeni hapa, wakuu. Sikuwa na jina. Nililitafuta na halikuwepo. Nilikumbuka la Wanjiru, nilikumbuka la ng'ombe wa baba yangu, langu hakuna. Mmoja akavuta kile chuma cha bunduki, na sauti yake niliisikia vizuri.

Sijui kwa nini hawakunimaliza palepale. Labda kwa sababu wanawake walikuwa karibu, wakirudishwa kijijini. Waliniburuta hadi barabarani, wakanitupa mbele ya ule mstari, na mkubwa wao akauliza nani anamjua huyu.

Hakuna aliyejibu, na siwalaumu. Kusema unamjua mtu kama yule kulikuwa kusema unampelekea chakula. Watu walipoteza nyumba kwa hilo, na wengine hawakuonekana tena. Wanjiru hakuwepo. Yeye na wajawazito wengine walikuwa wametangulizwa.

Mama yake alikuwepo. Na vumbi la uji lilikuwa bado miguuni mwake, au kando, vyovyote mtakavyoamini.

Akatoka kwenye mstari kwa mara ya pili siku hiyo.

"Namjua," akasema. "Anaitwa Kiarie."

Homugadi akamuuliza, "Ni nani yako?"

"Ni mtoto wangu."

Yule kijana alikuwa mtu wa kwetu na alijua familia. "Mama, wewe huna mtoto mwanamume. Huyu ni mume wa msichana wako, ama si yeye? Sema vizuri. Ukikosea, tunawachukua nyote wawili."

"Nimesema ni mtoto wangu. Kama mtachukua, chukueni."

Halafu akafanya jambo ambalo wanawake wa kijiji walilisimulia miaka mingi. Akaketi chini barabarani, akaweka kichwa changu mapajani mwake, mimi muthoni wake, nusu uchi, mbele ya kila mtu. Mwanamke mwingine aliyekuwa na debe la maji kichwani akalishusha. Wakachanganya maji na uji uliobaki. Akaninywesha kidogo kidogo kwa kiganja chake, akingoja nimeze kabla ya kuongeza.

Nakumbuka sauti yake tu, juu yangu.

"Meza, Kiarie. Usiteme."

Nikameza. Nikatapika, nikameza tena. Walimaliza kibuyu na sehemu ya debe. Baadaye homugadi mmoja akarudi na kitambaa changu cha nambari, alikiokota barabarani, na hapo wakakubali nilikuwa mkimbiaji.

Sasa matokeo, mnajua lazima niyaseme. Mwangi alikuwa wa pili. Alipata kazi na chumba. Yeye pia alikuwa ametafuna chumvi, hakunywa hata tone, na alifika Thika anaimba. Maisha yake yote hakupenda maji, alikunywa chai ya rangi tu, na tumemzika mwaka jana akiwa mzee kuliko mimi. Daktari mmoja aniambie hiyo ni nini.

Sajini naye alishikilia hadi mwisho kwamba kilichoniangusha ni ule uji uliogusa ulimi. Alisema kwa upole, alikuja hata kunitazama nikiwa nimelala. Hakuwa mtu mbaya. Alitufunza alichofunzwa.

Wazee wakasema lazima mbuzi achinjwe. Wakashindwa kukubaliana ni wa nini: wa mimi kutema chakula cha mama mkwe, au wa yeye kunigusa na kunitaja jina. Walibishana huku wanakula, na mbuzi akaisha kabla ya jibu.

Kwa hivyo somo langu ni dogo, na nimelipata kwa kuchelewa. Maji yanapoisha mwilini, akili ya kukuambia yameisha huondoka nayo. Mimi sikusikia kiu hata kidogo, na nilikuwa na uhakika kuliko siku yoyote maishani. Basi anayekimbia juani asingoje dalili, anywe kidogo kidogo mapema, na chumvi bila maji asiiguse. Mwenye daktari aliyempimia kiasi, kama mimi, amsikilize daktari. Na usikimbie peke yako.

Mengine nawaachia nyinyi. Mnaojua mwili, nielezeni Mwangi. Mnaojua mila, niambieni yule mbuzi alikuwa wa nini. Na kama kuna aliyewahi kupoteza jina lake mwenyewe kwa joto, aandike hapa chini, nijue siko peke yangu.

Chumba hatukupata. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa ndani ya mtaro, na aliyempokea ni bibi yake. Nilipofika Jumapili, nilisimama nje ya mlango nimeinamisha macho, nikingoja kuitwa muthoni. Akatoka akanikabidhi mtoto mkononi mwangu yeye mwenyewe.

"Kiarie," akasema, "mtoto wako huyu."

Hakuniita muthoni tena hadi alipokufa.